Kwa nini Ronnie Barker alijificha nyuma ya jina la Gerald Wiley?

Mwandishi wa Chumbageni (Tanga) anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaandika michezo mifupi ya kuchekesha kwa ajili ya kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekiongoza kikundi hicho, limenifika jambo linaloninyima usingizi. Kila ninaposoma mswada mpya mbele ya wenzangu, wote hucheka, hata pale ambapo mimi mwenyewe nahisi kwamba mzaha umelala. Tukiupeleka mzaha huo huo ukumbini, watu wanatutazama tu. Nimeanza kuamini kwamba wenzangu hawachekei maandishi, bali wanamchekea kiongozi wao kwa heshima.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja aliyewahi kusoma Uingereza, akanitajia mchekeshaji wa runinga wa huko aitwaye Ronnie Barker, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiandika vichekesho kwa jina la Gerald Wiley bila hata waigizaji wenzake kujua. Ningependa mwenye kuyajua maisha yake anieleze siri hiyo aliitunza vipi na kwa nini.

Nina swali la pili pia. Nimekitazama mara tano kile kichekesho chake maarufu cha dukani, kile cha mishumaa minne. Kiingereza chake ninakielewa, lakini sielewi kwa nini Waingereza wanakitaja kwa mapenzi makubwa namna ile. Kuna nini ndani yake?

Mkazi wa Reading anajibu:

Ndugu yangu wa Tanga, nimeishi Uingereza miaka mingi, na vipindi vya Barker ndivyo vilivyonifundisha Kiingereza ambacho sikukipata darasani, kwa hiyo nitalijibu swali lako la kwanza kwa furaha.

Ronald William George Barker alizaliwa Bedford tarehe 25 Septemba 1929, akakulia Oxford. Tangu utotoni alipenda tamthilia kiasi cha kusimama nje ya mlango wa nyuma wa ukumbi akingoja waigizaji watoke ili wamwekee saini. Alianza kusomea usanifu wa majengo, akaona hana kipaji cha kutosha, akaacha, akawa karani wa benki. Mwaka 1948 aliiacha benki akajiunga na kampuni ya maigizo iliyokuwa mjini Aylesbury. Usilipite haraka jambo hili, kwa sababu ndipo alipojifunza kazi. Kampuni za namna hiyo zilikuwa zikibadilisha mchezo karibu kila wiki: usiku mnaigiza mchezo huu, mchana mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, na mwigizaji huyo huyo leo ni mzee, wiki ijayo ni askari, wiki inayofuata ni mtumishi wa nyumbani. Mtu akipita humo miaka kadhaa, masikio yake yanajua ni neno gani linaloamsha ukumbi na ni neno gani linaloulaza.

Baadaye alifika Oxford Playhouse, na mwaka 1955 mwongozaji Peter Hall akamwingiza katika kumbi kubwa za London. Kisha ikaja redio, katika kipindi cha mabaharia kiitwacho The Navy Lark, na mwaka 1966 akaingia katika The Frost Report ya BBC, kipindi cha David Frost, akiwa pamoja na John Cleese na Ronnie Corbett. Huenda umekiona kichekesho chao cha matabaka, ambamo watu watatu wamesimama kwa mstari, mrefu akiwa tajiri, wa kati akiwa Barker, na mfupi akiwa maskini, kila mmoja akieleza anamtazama nani kwa juu na nani kwa chini.

Sasa tufike kwa Wiley. Mwaka 1968 Frost alikuwa amehamia kituo cha London Weekend Television, na Barker na Corbett wakawa katika kipindi chake cha Jumapili. Barker alitaka kuandika, lakini alikuwa na hofu ile ile uliyo nayo wewe. Alijua kwamba akileta mswada mwenyewe, hakuna atakayemwambia mwigizaji mkuu wa kipindi kwamba kazi yake ni dhaifu. Kwa hiyo maandishi yakaanza kufika ofisini kupitia kwa wakala wake, yakidaiwa kuwa ni ya bwana mmoja aitwaye Gerald Wiley. Yakasomwa kama yanavyosomwa ya mgeni yeyote, na yakapendwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyoilinda siri hiyo. Katika mazoezi alikuwa akilalamika kwamba haelewi sehemu fulani ya maandishi ya Wiley. Mara moja kichekesho cha Wiley kilipopokewa vibaya na hadhira ya studio, Barker naye akasema mbele ya wenzake kwamba kazi hiyo haikufikia kiwango cha kawaida cha mwandishi huyo. Corbett alipotaka kununua haki za kichekesho cha chumba cha kumngojea daktari, Barker alimwagiza wakala amtajie bei ya pauni 3,000. Corbett alishtushwa na bei hiyo, kisha Wiley akampa kichekesho hicho bure.

Watu wakaanza kukisia. Wapo waliosema Wiley ni Tom Stoppard, wapo waliosema ni Alan Bennett, na hata jina la Noël Coward lilitajwa, wote watatu wakiwa waandishi mashuhuri wa tamthilia. Hatimaye Wiley akawaalika wote chakula katika mkahawa wa Kichina uliokuwa ng'ambo ya barabara kutoka ofisi za kituo. Barker, ambaye mchana wa siku hiyo alikuwa amekwisha kumnong'oneza Corbett, akasimama na kutangaza kwamba Wiley ni yeye, na mwanzoni hakuna aliyemwamini. Hebu fikiria, ndugu yangu: watu waliokuwa wakifanya naye kazi kila wiki waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba wanaandikiwa na Coward kuliko kuamini kwamba mwandishi ameketi nao mezani.

Jina hilo halikufa siku hiyo. BBC ilipowapa yeye na Corbett kipindi chao wenyewe, The Two Ronnies, kilichoruka kuanzia 1971 hadi 1987, sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Gerald Wiley. Kichekesho cha mishumaa nacho ni cha Wiley, mwaka 1976.

Mwalimu Mstaafu (Unguja) anajibu:

Mwanangu wa Tanga, nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu, na swali lako la pili ndilo langu.

Kichekesho kile kinakwenda hivi. Corbett ni mwenye duka la vifaa, amevaa koti la kazi, nyuma yake kuna droo na rafu hadi darini. Barker anaingia akiwa amevaa kama kibarua na kusema maneno mawili, ambayo mwenye duka anayasikia kuwa "four candles", yaani mishumaa minne. Mwenye duka anakwenda kuichukua na kuiweka juu ya meza. Mteja anaitazama, anasema hapana, na kuyarudia maneno yale yale. Hapo ndipo inapobainika kwamba anataka "fork handles", yaani mipini ya uma wa kulimia bustani.

Usitafute mzaha katika maana ya maneno, utafute katika sauti. Sauti ya k iliyo mwishoni mwa "fork" inateleza na kuwa mwanzo wa neno linalofuata, na h ya "handles" haitamkwi kabisa, kwa kuwa watu wengi wa tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, hasa London, huiacha h katika usemi wao. Mteja, basi, hajakosea neno lolote. Anasema Kiingereza cha kwao, na mwenye duka naye anasikia sawasawa kama masikio yake yalivyomfundisha. Nadhani hili ndilo Waingereza wanalolipenda, kwa sababu nchi yao ni nchi ambayo mtu akifungua kinywa tu, unajua amezaliwa wapi na baba yake alifanya kazi gani. Wanaume wawili wenye nia njema, wanaosema lugha moja, wanashindwa kuuziana mpini.

Kisha angalia ufundi wa mwandishi. Baada ya mishumaa, kila ombi linaleta kosa jipya, na kila mara mwenye duka anapanda ngazi, anavuta sanduku, anashuka, anarudishwa. Mteja hapandishi sauti hata mara moja. Anayechemka ni mwenye duka, taratibu, kama maziwa jikoni, na wewe mtazamaji unaona yanakaribia kumwagika. Barker aliyeandika angeweza kujipa nafasi ya kuchemka, ambayo ndiyo inayochekesha zaidi, lakini alimpa Corbett, yeye akabaki na sura iliyotulia.

Wengi wamejaribu kufanya mchezo wa aina hiyo kwa Kiswahili na wakashindwa, nami nitakuambia kwa nini. Sisi tuna maneno mengi ya kutatiza, kama vile kaa, tai, paa na mbuzi. Lakini lugha yetu ina mlinzi mlangoni, naye ni upatanisho wa ngeli. Chukua neno kamba. Kamba wa baharini ni kiumbe, na kamba ya kufungia ni kitu. Mteja akisema anataka kamba wanne, siri imekwisha, kwa sababu ya kufungia ingekuwa kamba nne. Mwenye duka akijibu "tunazo", amejifunua, kwa sababu wa baharini angesema "tunao". Kwa hiyo mchezo wa mishumaa minne hautafsiriki. Lazima uandikwe upya kutoka ndani ya Kiswahili, na mwandishi apite pale tu ambapo mlinzi amelala: majina matupu, bila idadi, bila sifa, bila kionyeshi.

Jaribu hivi. Mteja aingie na kusema, "Nipe kamba." Mwenye duka asiseme neno. Aende ndani, arudi na robota la kamba ya katani, aliweke mezani, ashike ncha, angoje. Kitendo kile kinafanya kazi ambayo kwa Kiswahili maneno hayawezi kuifanya bila kuharibu mchezo. Mteja aitazame ile katani, amtazame mwenye duka, kisha aseme, "Kilo mbili."

Msikilizaji wa Nairobi anajibu:

Nimesoma majibu haya mawili kwa makini, na ninayakubali kwa sehemu kubwa, ila naona ndugu wa Reading amelieleza jina la Wiley kama mtihani wa ubora peke yake. Mimi naona kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi, nayo ni kwamba Barker hakuweza kabisa kusimama mbele ya watu akiwa yeye mwenyewe. Vitazame vipindi vya The Two Ronnies. Corbett ana sehemu yake ya kuketi kitini na kusimulia hadithi ndefu kwa jina lake na sura yake. Barker hana sehemu ya namna hiyo. Yeye daima ni mtu fulani: waziri, kasisi, daktari, msemaji wa chama ambaye ulimi wake umevurugika. Mtu ambaye jukwaani anahitaji masharubu na koti la mwingine ili aweze kusema, si ajabu kwamba hata kwenye karatasi alihitaji jina la mwingine.

Ninataka pia kuongeza jambo ambalo mwandishi wa Tanga anapaswa kulijua. Kazi mbili ambazo kwa maoni yangu ndizo kubwa kuliko zote za Barker hakuziandika yeye. Mwaka 1973 BBC ilirusha vichekesho saba tofauti, vyote yeye akiwa mwigizaji mkuu, kwa jina la Seven of One, ili kutafuta ni kipi kinachofaa kuwa mfululizo. Viwili vikachipua. Kimoja kilikuwa Porridge, kilichoandikwa na Dick Clement na Ian La Frenais na kuruka kuanzia 1974 hadi 1977, ambamo Barker ni Fletcher, mfungwa mzoefu wa gereza la kubuni liitwalo Slade, anayegawana chumba na kijana aitwaye Godber, aliyeigizwa na Richard Beckinsale. Cha pili kilikuwa Open All Hours cha Roy Clarke, kuhusu Arkwright, mwenye duka mchoyo wa kaskazini mwa Uingereza, David Jason akiwa mpwa wake.

Porridge ninaipenda kwa sababu Fletcher hashindi kamwe ushindi mkubwa. Anashinda vijishindi, kama kipande cha nanasi cha ziada, dakika tano za utulivu, au neno la mwisho mbele ya askari. Barker anaigiza yote hayo kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, na utaona jinsi uso wake unavyolainika pale Godber anapokata tamaa usiku wa kwanza. Beckinsale alifariki ghafla mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 31, na kila nikitazama vipindi vile sasa siwezi kulisahau jambo hilo.

Kuhusu Open All Hours nina dukuduku, nami nitalisema. Mwenye duka yule ana kigugumizi, na kigugumizi hicho ni nyongeza ya Barker mwenyewe, aliyejifunza namna ya kukiigiza kutoka kwa mwigizaji mwenzake wa zamani, Glenn Melvyn. Ndugu yangu mdogo ana kigugumizi, na nilipokuwa nikitazama naye sikujua kama nicheke. Yeye alicheka. Aliniambia kwamba mara nyingi Arkwright anakitumia kigugumizi kupata muda wa kutafuta uongo mwingine wa kumwuzia mteja, kwa hiyo anayeshindwa ni yule anayemsikiliza. Bado sijatulia kabisa, lakini nimelichukua neno lake.

Mwandishi wa Chumbageni anauliza tena:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Dada wa Nairobi, hoja yako ya mtu anayehitaji koti la mwingine imenigusa, kwa sababu na mimi huandika vizuri zaidi ninapowaandikia wanawake wazee kuliko ninapomwandikia kijana wa umri wangu.

Ninaomba mniongezee jambo moja. Rafiki yangu aliniambia kwamba Barker aliiacha kazi akiwa kileleni. Aliacha kwa sababu gani, na alikwenda wapi?

Mkazi wa Reading anajibu:

Ni kweli. Kipindi cha mwisho cha The Two Ronnies kiliruka wakati wa Krismasi ya 1987, na mapema 1988 ukatoka mfululizo wake wa mwisho, Clarence, kuhusu mhamishaji wa samani asiyeona vizuri. Huo aliuandika yeye, na kwa mara nyingine hakuweka jina lake, bali aliandika Bob Ferris. Alikuwa na umri wa miaka 58. Afya ya moyo ilikuwa ikimtia wasiwasi, lakini sababu aliyoieleza yeye mwenyewe ni kwamba hamu ilikuwa imemwishia na aliona mawazo yanakauka. Corbett alikuwa amekwisha kuambiwa naye kwa siri tangu miaka miwili kabla, na Corbett akaitunza siri hiyo, kama alivyoitunza ile ya mkahawa kwa zile saa chache.

Alikwenda Chipping Norton, mji mdogo ulio katika mkoa wa Oxford, akafungua yeye na mkewe, Joy, duka la vitu vya kale liitwalo The Emporium. Alikuwa mpenzi wa kukusanya postikadi za zamani, na alikuwa nazo kwa maelfu. Kwa hiyo mtu aliyeuchekesha umma kwa maduka mawili ya runinga, lile la mipini na lile la Arkwright, alimalizia miaka yake ya kazi nyuma ya meza ya duka la kweli. Alirudi kwenye kamera mwaka 2002 kuigiza nafasi ya mtumishi wa Winston Churchill katika filamu ya The Gathering Storm, na mwaka 2005 akaketi tena na Corbett kuvitambulisha vichekesho vyao vya zamani. Alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 76.

Ibada ya kumkumbuka ilifanyika Westminster Abbey mwezi Machi 2006. Kwa desturi ya kanisa lile, mishumaa inayobebwa katika maandamano ya kuingia ni miwili. Siku ile ilibebwa minne, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwandishi wa Chumbageni anajibu:

Mwalimu, jana jioni niliufanyia mazoezi mchezo wa kamba. Niliuandika upya kwa mkono wa mtu mwingine, nikampa binamu yangu asiye mwanakikundi aulete akisema ameupata kwa mwalimu mmoja wa Muheza. Wenzangu waliusoma kimya ukurasa wote wa kwanza, na mmoja akasema waziwazi kwamba mwanzo ni mrefu mno. Sijawahi kuambiwa neno hilo tangu nianze kuandika. Nimeukata mistari sita.

Walicheka mara moja tu, pale mwenye duka anapoweka robota la katani mezani na kungoja, lakini walicheka kwa pamoja. Shida ni mstari unaofuata. Mwigizaji wa mteja anasahau kila mara na kusema, "Siyo hii, kamba." Mnaona alivyoniharibia?

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Marahaba, mwanangu. Hapo mlinzi ameamka, maana "hii" imeshafichua kila kitu. Mwondolee kionyeshi na umwondolee hata "siyo". Alisukume robota kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ukingoni mwa meza, na aseme neno lile lile moja kwa sauti ile ile ya mwanzo: "Kamba." Kisha mwenye duka aende tena ndani, na safari hii arudi na kamba ya nailoni.

Na ile mistari sita uliyoikata, usiitupe. Niletee niione.